Ndizi Alizoleta Kresensia

Mzuzu mlaini hautaki moto mkali. Wengi huusema msemo huu bila kujua ulikotoka, lakini chanzo chake kinajulikana, na si cha kale sana.

Bibi Natalia aliwaeleza wajukuu zake chanzo hicho siku moja baada ya ugomvi mdogo uliotokea nyumbani. Mjomba wao alikuwa amekuja kumwomba radhi mama yao, na kabla hajafika katikati ya maneno yake, mama yao alikwisha kupandisha sauti. Bibi Natalia, aliyekuwa chumba cha pili akichambua mchele, alitamka msemo huo bila kuinua kichwa. Mama yao akanyamaza papo hapo, akamvutia mjomba kigoda.

"Bibi," Dafroza aliuliza kesho yake, "jana jikoni palikuwa na ugali na mlenda tu. Huo mzuzu uliuona wapi?"

"Mimi nilitafuta mpaka uvunguni," mdogo wake Silvini alidakia. "Nilijua tu kuna ndizi tumefichwa."

"Ungezipata, leo tungekuwa tunayauliza maganda zilikokwenda," Bibi Natalia alisema. "Kaeni chini. Hadithi yenyewe nilisimuliwa na Leokadia mwenyewe, akiwa mzee asiye na sababu ya kujipendelea. Nitawaambia kilichotokea. Chumvi sitatia."

Basi ilikuwa hivi.

Leokadia na Kresensia walikuwa dada wa tumbo moja, wazaliwa wa kijiji kimoja katika milima ya Uluguru. Leokadia, aliyekuwa mkubwa, alibaki kwenye shamba la mama yao. Aliolewa, hakujaliwa mtoto, na mume wake akafariki mapema. Kresensia aliolewa ng'ambo ya mto na seremala aliyeitwa Damasi. Mtoto wake wa kwanza alikuwa msichana, Tekla. Tekla alipoachishwa ziwa tu, Kresensia akajifungua mapacha, na nyumba ikamshinda. Leokadia akavuka mto, akamchukua Tekla, akarudi naye mgongoni. Hapakuwa na makubaliano yoyote yaliyosemwa. Kwao mtoto wa dada alikuwa mtoto, na mwenye nafasi ndiye aliyelea.

Tekla alikulia pale mpaka akang'oa meno ya utotoni, akaota mengine. Leokadia alijua upande anaolalia na kikohozi chake cha uongo siku za kwenda kupalilia. Alijua kwamba akipewa ndizi za kukaanga, huanza na vipande vya katikati na kuacha vya ncha. Watu walimwita Leokadia "Mama Tekla", na hakuna aliyemsahihisha mwingine.

Siku moja, Leokadia akiwa shambani kupalilia maharage, Kresensia alikuja akamchukua mtoto. Hakumsubiri dada yake. Ujumbe aliuacha kwa jirani aliyeitwa Bi Sabela, ambaye nyumba yake ilikuwa chini kidogo, njia inapokata kuelekea mtoni.

"Amesema Damasi anataka mtoto asome karibu na baba yake," Bi Sabela alimwambia Leokadia jioni. "Na amesema hakuweza kukungoja. Angeuona uso wako, angeshindwa kumchukua."

Leokadia alisikia sehemu ya kwanza. Ya pili ilimpita, na alikiri miaka mingi baadaye kwamba ilimpita kwa sababu hakuitaka.

Tangu siku hiyo hakuvuka mto, wala hakutuma salamu. Aliyetoka ng'ambo aliulizwa habari za mvua, za wagonjwa na za panya mashambani, lakini habari za mtoto hakuulizwa. Badala yake Leokadia alikuwa akitunga maneno. Aliyatunga akitwanga na akichota maji, na aliyapunguza na kuyachonga mpaka yakawa makali kiasi alichotaka. Hakuwa na mtu wa kumwambia, ila aliamini kwamba siku ya kuyasema itakuja.

Hapo Bibi Natalia alisita, akawaeleza wajukuu zake desturi ya ukoo ule, kwa sababu bila hiyo mambo yaliyofuata hayaeleweki.

Katika ukoo wa dada hao, mkosaji hakuja na maneno. Alikuja na chakula kibichi, akakiweka kwenye mlango wa jiko. Mwenyeji alikuwa huru kukiacha pale pale, na hapo mgeni alijua jibu, akajitwika chakula chake akaondoka. Lakini mwenyeji akikiinjika, msamaha ulikuwa umeanza. Walikula sahani moja, wakanawa, na baada ya kunawa ndipo kila mmoja alipotoa yaliyo moyoni mwake. Waliowekeana desturi hiyo hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona kwamba mtu mwenye njaa na hasira husema asichokusudia, na mtu aliyekwisha kula na mwenzake huona haya kidogo.

Kresensia alikuja asubuhi moja mwishoni mwa masika. Alikuwa na kikapu kichwani, kimefunikwa kwa jani la mgomba.

"Hodi, dada."

Leokadia alikuwa jikoni akikoka moto. Aliitambua sauti, akamaliza kwanza kupuliza.

"Karibu."

Kresensia alitua kikapu mlangoni, akarudi nyuma hatua kadhaa kama desturi ilivyotaka. Leokadia aliinua jani. Ndani mlikuwa na ndizi mzuzu, nyeusi ganda zima, laini hata zilionekana kujilegeza kwa uzito wao wenyewe.

Mgeni wa mambo hayo angedhani zimeoza. Leokadia hakuwa mgeni. Mzuzu hukatwa ukiwa kijani na mgumu kama mpini. Ukitundikwa darini juu ya jiko, hugeuka njano polepole, kisha hutoa madoadoa, kisha madoadoa hukutana na ganda zima huwa jeusi. Hapo ndipo huwa mtamu kuliko wakati wowote. Lakini kufika hapo kunataka siku nyingi za kuziangalia, kuzigeuza zisibonyee na kuwafukuza watoto wasizidokoe. Na ili zifike ng'ambo ya mto bila kupasuka, mbebaji hana budi kutembea taratibu, akishika kikapu kwa mikono yote miwili kila penye mteremko. Mtu aliyeamua jana kuja kuomba radhi huja na ndizi za njano. Mwenye ndizi nyeusi aliamua zamani.

Hesabu hiyo Leokadia aliijua. Siku hiyo hakuifanya.

Hata hivyo alichukua kikapu, akakiingiza jikoni. Kresensia akaingia nyuma yake, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akashusha pumzi. Kwa desturi yao, lililokuwa gumu limekwisha kupita.

Leokadia alipasua maganda kwa kidole, yakabanduka bila kung'ang'ania. Alikata vipande vinene vya mshazari, akateleka karai, akamimina mafuta ya alizeti. Mpaka hapo hakukosea kitu. Kisha akachukua kuni kavu alizokuwa amezitenga kwa ajili ya kuchemshia maharage, akazisukuma zote kati ya mafiga.

Ndizi mbichi huvumilia moto mkubwa. Ya njano huvumilia wa kiasi. Lakini ile iliyolainika imejaa sukari, na sukari huungua kabla kitu kingine chochote hakijaiva. Hukaangwa kwa makaa machache, katika mafuta yanayonong'ona, na mpishi huigeuza mara moja tu ikishakamata rangi ya asali. Leokadia aliyajua hayo kuliko wanawake wote wa kijiji kile. Kwenye arusi alikuwa akiitwa kukaanga ndizi tu, kazi nyingine wakapewa wengine. Kwa hiyo yaliyotokea hayakutokana na kutojua. Alitaka chakula kiive upesi, wale upesi, wanawe upesi, ili siku ya maneno yake ifike. Aliifuata desturi, ila aliikimbiza.

Vipande vilipoingia, mafuta yalipiga kelele.

"Dada, moto," Kresensia alisema kwa upole.

"Jiko langu hili."

"Najua. Ni laini sana hizo, ndiyo maana nika..."

"Unanifundisha kukaanga? Wewe? Wewe uliyeunguza uji wa arobaini ya bibi, padre akasema amefunga ili tu asiunywe?"

Kresensia alitabasamu, akainamisha uso kwenye kanga yake. "Huo uji mpaka leo hamjausahau."

Leokadia alisema baadaye kwamba pale palikuwa na nafasi. Yeye mwenyewe alihisi kicheko kikimpanda kifuani, na lau angekiachia, siku ile ingekwenda njia nyingine. Lakini alilitazama tabasamu la mdogo wake, akakumbuka maneno aliyoyatunga siku zote zile, akaona yataharibika.

"Unacheka," alisema. "Hata siku ile ulicheka hivyo hivyo ulipokuwa unapita hapo chini umemshika mkono?"

"Dada, tule kwanza."

"Tule! Siku hizi mwizi haji usiku. Anakuja asubuhi, anapiga hodi, tena anataka sahani!"

Kresensia alikunja mikono mapajani.

"Mwewe mwenyewe akibeba kifaranga, mama kuku humwona. Wewe ulingoja nikiwa nimeinamia maharage. Ukaniachia Sabela anitangazie kama mbiu ya mgambo."

"Ni kweli," Kresensia alisema. "Nilikosa. Sikuthubutu kukuangalia. Tule, kisha uniseme mpaka uchoke. Nimekuja kusemwa."

Hilo lilipaswa kumnyamazisha, lakini Leokadia alikuwa amefikia neno la mwisho, lile alilolichonga kuliko yote, na hakuwa na nguvu ya kulirudisha.

"Basi sikia," alisema. "Huyo Tekla atakufanyia vivyo hivyo. Atakuacha uzeeni bila kwaheri, ukimwita asigeuke. Umemfundisha njia mwenyewe, na aipite!"

Kresensia alisimama. Hakupandisha sauti.

"Mimi ungenisema lolote," alisema. "Lakini umemtaja mtoto kwa ubaya, na chakula hakijaliwa."

Alifunga kanga yake vizuri, akatazama karai.

"Ndizi zinaungua, dada," alisema, akatoka.

Jiko lilikuwa limejaa moshi. Leokadia alichomoa kuni, akainua karai kwa kitambaa, akatoa kipande kimoja kwa kijiko. Nje kilikuwa cheusi na kichungu. Alipokivunja, ndani kilikuwa kibichi, na katikati hakikuwa kimepata hata joto. Akalibeba karai nje ili akamwage.

Kutoka uani kwake njia ya mtoni ilionekana yote. Alimwona Kresensia akiingia kwa Bi Sabela, akatoka. Hakutoka peke yake. Alikuwa na msichana aliyerefuka, mwenye miguu ambayo Leokadia angeitambua popote. Kresensia alikuwa amebeba sanduku dogo la bati. Msichana alikuwa na mkeka kichwani, umekunjwa na kufungwa kwa kamba.

Mtoto anayekuja kusalimia hupewa mkeka na wenyeji. Anayebeba wa kwake anakuja kukaa.

Leokadia aliweka karai chini.

"Tekla!" aliita. "Tekla wee!"

Msichana alisimama, akageuka. Mkeka ukayumba, mama yake akaushika. Alimwambia neno fupi ambalo halikusikika kule juu. Msichana akaendelea kutazama mlimani kidogo, kisha akageuza uso, wakateremka mpaka vichaka vya mtoni vikawafunika.

Bi Sabela alipanda akihema.

"Umemfanya nini mdogo wako?" aliuliza kabla hajafika. "Mtoto amekaa kwangu tangu wafike. Aliambiwa asipande mpaka aitwe, mkishakula. Kila nikikatiza uani ananiuliza, 'Bibi Sabela, bado hawajala?' Nikamwambia, 'Tulia, moshi nauona, wanapika.' Mama yake alisema mtoto hakuwahi kulala vizuri kule. Damasi amekubali, kwa mbinde, lakini amekubali. Walikuwa wanakurudishia, Leokadia."

Bi Sabela, ambaye hakuwahi kupita penye chakula bila kukionja, aliinama, akaokota kipande karaini, akakitia mdomoni, akakitema.

"Hata wewe!" alisema. "Mzuzu mlaini hautaki moto mkali!"

Mpaka anakufa, Bi Sabela alishikilia kwamba alikuwa anazungumzia ndizi. Leokadia alijikalia pale pale uani, akajifunika uso kwa kanga.

"Si angewakimbilia?" Silvini alimkatiza bibi yake.

"Aliwakimbilia. Si siku ile, kwa aibu, lakini juma halikuisha," Bibi Natalia alisema. "Usidhani hakujaribu."

Alivuka mto akiwa na jogoo na mchele mpya wa shamba lake. Aliviweka mlangoni mwa jiko la Kresensia, akarudi nyuma. Kresensia aliviinjika mara moja, hata maji hayajapata moto akamkaribisha ndani. Walikula sahani moja, wakanawa. Leokadia aliomba radhi kwa neno alilosema juu ya mtoto, akatema maji chini kulifuta, kama wafanyavyo kwao. Kresensia akaomba radhi kwa siku ya maharage. Wakalia, wakacheka kidogo juu ya uji wa arobaini. Kati yao mambo yalikwisha, na hayakurudi tena.

Kisha Leokadia akamgeukia Damasi. Tekla hakuwapo; alikuwa shuleni.

"Shemeji," alisema, "nimesikia mlikuwa mmekubali."

Damasi alikuwa mtu wa maneno machache na hakuwa mkatili. Alifikiri kwanza.

"Nilikubali, shemeji. Nikamfungia mkeka kwa mikono yangu," alisema. "Alirudi jioni ile akiubeba. Hakuuliza kitu, akautandika alipokuwa akilala zamani. Mtoto si kikapu, apelekwe na kurudishwa kwa jinsi jiko linavyowaka. Sitaki auone mkeka ule ukifungwa mara ya pili."

Leokadia alimtazama mdogo wake. Kresensia alikuwa anatazama mikono yake. Alichosema Damasi kilikuwa kweli. Leokadia akashukuru kwa chakula, akavuka mto peke yake.

Hakuficha jambo hilo. Alilisimulia kwenye arusi, kwenye misiba, na kwa wasichana waliofika kwake kujifunza kukaanga. Kila aliposikia mtu akimfokea aliyekuja kwa unyenyekevu, alitamka maneno ya Bi Sabela. Watu wakayachukua, yakateremka mlima, yakafika mpaka kwa wasiomjua yeye wala mdogo wake.

"Na Tekla?" Dafroza aliuliza. "Hakuja tena?"

"Alikuja," Bibi Natalia alisema. "Alikuja akiwa mtu mzima, muuguzi, yupo likizo. Leokadia alitundika chane nzima darini mara tu alipopata habari, akaingojea mpaka ikawa nyeusi. Aliikaanga kwa makaa yasiyozidi kiganja, ikatoka rangi ya asali. Tekla alikula vipande vyote, hata vya ncha, kama wageni wanavyokula ili wasimvunje moyo mpishi. Akasifu. Akaosha sahani yake. Asubuhi alipokuwa anaaga alishika mikono ya Leokadia yote miwili akasema, 'Ahsante sana, mama mkubwa. Nitakuja tena nikipata nafasi.'"

Silvini alitazama huku na huku. "Sasa hapo pana ubaya gani? Dada wa mama si ndiye mama mkubwa?"

"Ndiye. Hakukosea hata kidogo," Bibi Natalia alisema. "Ila mtoto yule, wakati analala nyumba ile, alikuwa akimwita mama."

Bibi Natalia alipangusa mikono yake kwa kanga.

"Mtu aliyefika mlangoni pako ameinama," alisema, "amekwisha kuivishwa na siku alizozilala akiwaza namna ya kuja. Kuni zako hazimwongezei kitu. Mzuzu mlaini hautaki moto mkali."